Gari Lisiuzwe

Machakos,
Machi 1999

Kwa dadangu mpenzi Safiya,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta huko Mombasa ukiwa buheri wa afya, wewe na shemeji, na zaidi mama yetu. Je, goti lake linaendeleaje? Na Faiza wako bado anakataa uji? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua haijafika na vumbi limetushika, lakini duka linaenda, na mume wangu Zubair ni mzima wa mwili. Ya moyoni ndiyo nataka nikueleze, tena usome ukiwa peke yako.

Unajua nilivyomlilia mama kwenye simu kwamba Zubair ana mwanamke. Ushahidi nilikuwa nao mkononi: kibanio chekundu cha nywele, nilichokiokota chini ya kiti cha ile Subaru yake ya buluu. Mimi nywele zangu nasuka, kibanio cha nini? Tangu alinunue lile gari hana Jumamosi, hana mke. Analipangusa kwa kanga yangu ya harusi, wallahi, na mimi hata redio yake haniruhusu kugusa! Ndipo nikamwomba mama amlete Mjomba Rashid tukae kikao, na sharti langu lilikuwa moja, gari liuzwe.

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyopita nilimwambia aendako na mimi naenda. Akajikuna kichwa, mwisho akasema haya, twende. Tukateremka hadi upande wa Kinanie, kwenye uwanja wa udongo mwekundu ambapo magari yanashindana kuzunguka mapipa na matairi makuukuu, moja moja kwa zamu, na mtu mwenye saa anawapima madereva muda. Kumbe ilikuwa siku yake ya kwanza kuingia. Kule wana desturi yao: mgeni haachiwi peke yake, lazima mzoefu akae kiti cha pembeni amwelekeze. Na mzoefu aliyepewa Zubair ni nani? Msichana wa Kikamba kutoka Matuu, anaitwa Lavender, kavaa suruali, nywele kazibana kwa kibanio chekundu, pacha wa kile nilichokiokota.

Dada, niliungua. Niliwatazama wakifunga mikanda na kuvaa kofia ngumu, na yule msichana akamshika Zubair mkono kumwonyesha pa kubadilisha gia. Naye Zubair, maskini, aligonga pipa la kwanza, akazima injini kwenye kona ya pili, na mwisho gari likazunguka likasimama limetazama lilikotoka. Watu walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda, kwa uchungu niliokuwa nao.

Kisha Lavender akaja mpaka niliposimama, akanisalimia kwa heshima na kuniita mama, akauliza kama najua kuendesha. Nikamwuliza anadhani pikapu ya duka inapelekwa na nani soko la Matuu kila wiki. Akasema basi nijaribu, mwenye gari akikubali. Zubair alikubali kwa haya tu, mbele za watu. Mimi nilikubali ili nimpate yule msichana ndani ya gari, milango imefungwa, nimwulize anataka nini kwa mume wangu.

Na nilimwuliza, tulipoondoka tu. Akanijibu kwanza nipinde kushoto, hayo mengine baadaye. Nikapinda. Akaniambia nisiogope, nikanyage mafuta kabla kona haijaisha. Nikakanyaga. Ya Rabbi, Safiya, lile gari liliitika! Buibui limebanwa na mkanda, vumbi kila upande, na mimi nacheka kama mwendawazimu. Tulipovuka mstari swali nilikuwa nimelisahau, yeye ndiye aliyenikumbusha. Akasema kibanio kilimdondoka alipolikagua gari wiki iliyotangulia, kabla Zubair hajakubaliwa kushindana. Nilimtazama machoni, nikamwamini. Mwenye saa naye akatangaza kwamba nimempita mume wangu, tena mbali.

Njiani kurudi tulifika Kyumbi. Hapo Zubair akasema eti nilikuwa na haki tangu mwanzo, Mjomba aje, gari liuzwe mbele yake. Wivu huo wa kushindwa na mke! Na mnunuzi amekwisha kumpata.

Basi nikuungamie, dada. Pale kando ya uwanja sikumwonea Lavender wivu kwa sababu ya Zubair. Nilidhani hivyo, lakini sivyo. Nilimwonea wivu kwa ile kofia, na kwa ule mkono unaojua gia. Gari nilitaka liuzwe kwa kuwa sikuruhusiwa kuligusa, na sasa nimeligusa, usingizi sina. Nakusihi zungumza na mama, maana wewe anakusikiliza. Mjomba asipande basi Ijumaa. Kumpigia mama mwenyewe siwezi, simu iko nyumbani kwa Mjomba, akipokea yeye nitamwambia nini? Akija atahukumu vile vile nilivyoomba, na aliyeomba ni mimi.

Barua hii naituma kwa mkono wa Bi Mutindi, jirani yetu, anayekuja huko kumwona mwanawe. Mpe mama salamu zangu nyingi, mbusu Faiza, na shemeji mwambie tende zilifika salama na zimeliwa zote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Habiba

Nimesahau kukwambia mnunuzi mwenyewe ni nani. Ni Lavender. Mume nitamwacha akae naye pembeni kila Jumamosi, sina neno. Lakini gari, dada, simwachii.