Tatuu Niliyoingojea Miezi Kumi na Moja

Thunder Bay,
6 Oktoba

Kwa kaka yangu mpendwa Tauno,

Salamu nyingi zikufikie huko mgodini, zikukute mzima na mgongo wako umekupa nafasi ya kulala. Mama anasema ulipopiga simu ulikuwa unakohoa. Natumaini kikohozi kimekwisha, maana nakujua, wewe hospitali huendi mpaka ubebwe. Sisi huku hatujambo. Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne ikayeyuka kabla ya chai ya saa nne. Mama bado anapasua mwenyewe kuni za kuogea mvuke kwenye sauna. Nilipomkumbusha kwamba ana miaka sabini na moja, aliniuliza kama kuni zinalijua hilo.

Kaka, nina habari, na nataka uisikie kwangu kabla Mama hajakusimulia kwa namna yake. Nimechorwa tatuu. Iko mkono wa kushoto, upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko: kitawi cha bluberi chenye majani matano na matunda matatu, wino mweusi mtupu. Imepona vizuri. Usikunje uso, soma kwanza.

Unajua huu ugonjwa wangu wa lupasi ulivyo. Askari wa mwili wangu wamewasahau wezi, wanampiga mwenye nyumba. Miaka tisa sasa ngozi hii imekuwa mali ya ugonjwa: mara vipele usoni, mara madoa ya sindano za damu, mara michubuko nisiyojua ilikotoka. Siku moja nilikuwa naoga, nikajitazama, nikaona hakuna alama hata moja juu yangu niliyoichagua mwenyewe. Nikasema basi, moja nitaichagua.

Oktoba iliyopita nilikwenda kwa Daktari Bhandari, yule anayetibu viungo vyangu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Lakini hakunigombeza. Aliniuliza ugonjwa ulitulia lini, nikamwambia Agosti. Akasema hapo ndipo pa kuanzia, kwamba ngozi isichomwe sindano hata moja mpaka ipite miezi sita ya utulivu na damu yangu ithibitishe. Alinieleza kuwa dawa ninazomeza zinawalaza wale askari ili wasinipige, na askari waliolala hawamzuii mdudu anayeingia kwa tundu la sindano. Akanionya nisije nikaacha dawa kwa akili yangu ili nipone haraka, kwa sababu wako wanaofanya hivyo wakaishia wodini. Wino mwekundu akaukataa, maana ndio unaosumbua ngozi za watu mara nyingi. Mahali palipowahi kutoka vipele akapakataa pia. Nilipoinuka aliniambia, “Kaisa, sikukatazi. Nakuchelewesha.”

Mama ndiye aliyenipa kazi. Alisimama na mwiko wa uji mkononi, akasema, “Miaka tisa umedungwa ukilia, leo unaenda kudungwa kwa hiari? Na unalipa?” Nilimjibu kwamba sindano zile zote zilichukua kitu kwangu, hii itaniachia kitu. Alinitazama, akageukia sufuria, akasema uji unaungua. Haukuwa unaungua.

Machi, damu ilipotoka safi, nikaanza kutafuta fundi. Wa kwanza alikuwa na duka zuri lenye muziki mkubwa. Nilipomtajia ugonjwa alicheka, akasema, “Dada, kila mtu ana kaugonjwa kake.” Nikaomba anionyeshe sindano zinavyofungwa na namna anavyosafisha mashine. Akaniuliza kama nimekuja kuchorwa au kukagua. Nikamwambia nimekuja kukagua, na nimeshamaliza. Nikatoka.

Wa pili ni Renée Boucher, mama wa makamo kutoka Hearst, ana sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Yeye alinipa karatasi ya kujaza magonjwa yangu hata kabla hajaniuliza nataka picha gani. Alipofika kwenye lupasi aliweka kalamu chini, akasema hanigusi bila barua ya daktari. “Mimi nataka wewe urudi hapa unishukuru,” alisema, “siyo ndugu zako waje na wakili.” Nilimpenda papo hapo. Alinifungulia kabati nikaona kila sindano katika pakiti yake, na wino unaomiminwa kwenye vikombe vidogo vya kutumika mara moja. Maji ya bomba hayagusi wino wake. Anatumia maji ya chupa yaliyosafishwa kihospitali.

Mwezi wa Aprili, nilipompelekea barua ya daktari, alinitia nukta moja tu, ndogo kama mbegu ya ufuta. Wazo lilikuwa la daktari: tuone ngozi itasema nini. Nikaitazama nukta ile wiki nane, asubuhi na jioni, mpaka Mama akaniuliza kama natarajia iote. Haikuvimba wala haikuwasha. Tukapanga tarehe ishirini Juni.

Siku hiyo niliamka vidole vimekakamaa, na ndani ya shavu kuna kidonda. Ndizo dalili zangu kwamba ugonjwa umeamka. Vidole vilichukua nusu saa kukunjuka. Kaka, nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikajiambia Renée hana njia ya kujua. Kidonda kiko mdomoni, nani atakichungulia? Nilivaa viatu kabisa. Kisha nikavivua, nikampigia simu, nikamwambia ukweli. Alisema kitawi chake hakina miguu, hakiendi popote. Daktari naye alinipima, akanirudisha nyuma mpaka ipite miezi miwili ya utulivu na vipimo viwili visafi. Nililia siku ile, sikufichi, lakini kuacha sikuacha.

Tarehe nne Septemba nikakaa kwenye kiti. Renée alivaa glavu mpya, akafungua pakiti mbele ya macho yangu, akafanya kazi dakika arobaini, akapumzika, akamaliza. Iliuma kama kuchapwa kwa majani yachomayo, si zaidi. Baada ya hapo nilikuwa naosha kwa sabuni isiyo na manukato, nikivaa mikono mirefu nisipigwe na jua, na nikipima joto la mwili kila jioni. Nilikuwa nimeambiwa homa ikipanda nikimbilie hospitali nisisubiri asubuhi. Ziwani sikuingia, na Jumamosi nne Mama aliingia sauna peke yake huku akilalamika kwamba hana wa kumsugua mgongo.

Sasa, Tauno, nikuambie kwa nini siku ile nilivua viatu.

Unakumbuka miaka mitatu iliyopita nilipolazwa siku kumi na moja, damu imeingiwa na wadudu, na wewe ukaendesha gari kutwa nzima kuja kunishika mkono. Nilisema Musti, mbwa wako uliyetuachia nyumbani, alinikwaruza kifundo cha mguu. Musti hakunikwaruza. Nilikuwa nimechorwa ndege mdogo jikoni kwa rafiki ya rafiki, kwa sindano iliyokwisha kutumika, wakati ugonjwa umepamba moto na dozi ya dawa zangu iko juu. Usaha ulimla ndege yule wote, likabaki kovu tu. Nilikuwa nimechoka kuambiwa la kufanya. Nesi aliponiuliza kama nyumbani kuna mnyama, nikaitika, na uongo ukasimama wenyewe kabla sijauwazia. Ulipompeleka Musti mjini Nipigon akaishi kwa Mzee Desjardins, ili asinikwaruze tena, nilikuwa kando yako kwenye gari, nikakuona ukifuta macho. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikajifanya nimelala.

Hakuna aliyenilazimisha, na dawa sizisingizii. Nilikuogopa wewe, nikamtwika mbwa kosa langu kwa kuwa yeye hana mdomo wa kujitetea.

Daktari nilimwambia Juni, akaandika kila kitu kwenye faili langu. Mama nilimwambia jana. Hakupiga kelele. Aliweka kitambaa cha vyombo mezani, akasema, “Mwandikie kaka yako leo,” akatoka kwenda kupasua kuni.

Kabla ya kuandika nilimpigia Mzee Desjardins. Musti yu hai. Ana miaka kumi na miwili, sikio la kulia halisikii tena, na analala miguuni pa mzee. Nilimweleza yote, nikamuuliza kama anaweza kurudishwa. Alisema hapana, mbwa si kiti cha kuazimana, na yeye hana mwingine ndani ya nyumba. Lakini alisema mlango wake uko wazi kwako siku yoyote, na kwamba mpaka leo Musti huinuka kila likipita gari lenye injini nzito kama lako.

Nimemwambia utakwenda ukishuka kutoka mgodini mwisho wa mwezi. Ukitaka nifuatane nawe, nitakuja. Ukisema nisije, nitaelewa. Na ukikaa kimya, nitakuandikia tena, na tena.

Mama anakusalimu, anasema vaa soksi za sufu. Renée, ambaye hamjuani, naye ameniomba nikusalimu.

Ni mimi dada yako, niliyekukosea,
Kaisa