Mwali Ana Mtihani

Temeke, Jumatano. Jua limechoma kutwa nzima, na mvua za vuli bado zinatuzungusha. Nimechoka, lakini sijakata tamaa.

Kila alasiri watoto wa mtaa huu hukusanyika kwenye baraza ya ofisi ya tawi la chama. Jioni baraza ni ya watu wazima wanaojifunza kusoma, kwa hiyo sisi tuliomba saa za mchana. Ninafundisha hesabu na Kiswahili, kina mama wanapokezana kupika uji, na mzazi aliye kiwandani anajua mwanawe yuko wapi. Hakuna anayelipwa.

Juma lililopita Mwanahawa hakuja. Ndiye msichana pekee wa darasa la saba niliyebaki naye, na mtihani umekaribia. Wenzake waliniambia, huku wakichekeana, kwamba amevunja ungo na amewekwa ndani. Kwa desturi ya kwao, mwali hatoki wala haonwi na wanaume mpaka achezwe ngoma yake.

Mimi mtu wa Bukoba nikajiona nimeelewa. Jana nilimwendea baba yake moja kwa moja, akiwa anacheza bao na wenzake, nikamwambia mbele yao kwamba binti yake lazima afanye mtihani.

Nilimwaibisha mwanamume wa watu.

Aliinamia kete zake, akaendelea kucheza. Nilirudi nyumbani masikio yakiniwaka moto.

Leo asubuhi Mama Zuhura, mmoja wa wapika uji wetu, alinifungua macho. Mambo ya mwali hayapelekwi kwa baba. Yanapelekwa kwa somo yake, yaani mwanamke anayemfunda. Basi nikajifunga khanga, nikapitia mlango wa uani mpaka kwa huyo somo, Bi Tausi, nikampa shikamoo yake. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

“Mwalimu, mwali hasemewi kwenye bao,” akasema. “Ungeanza kwangu, hata jana usingelia.”

Nililia kweli. Sijui nani alimpelekea habari.

Akasema mwali hatatoka, hilo nisahau. Ila masomo yakitaka kuingia, hajayazuia. Kwa hiyo alasiri niliwaacha wavulana na Mama Zuhura, nikaenda na wasichana uani kwa kina Mwanahawa. Yeye alikaa chumbani nyuma ya pazia, Bi Tausi akakaa mlangoni kama askari. Nilisoma hesabu ya sehemu. Jibu likatoka nyuma ya pazia kabla wenzake hawajamaliza kuandika. Mama yake alikuwa anachambua mchele. Akaacha, akabaki anasikiliza. Nilifurahi mpaka nikasahau kusahihisha madaftari ya wengine.

Lakini kuhusu siku yenyewe ya mtihani, Bi Tausi hakusema lolote. Hilo liliniuma. Nimfundishe mtoto kila siku, halafu siku hiyo abaki ndani?

Nilipoaga, alinisindikiza mpaka mlango wa uani. Akaniuliza kama huo mtihani wanafanya pamoja na wavulana. Nikamjibu ukweli, chumba ni kimoja, ila kila mtoto na dawati lake.

“Akitoka amejifunika buibui,” akasema, “na mie naweza kukaa hapo nje ya dirisha?”

Kesho asubuhi namwendea mwalimu mkuu, kumwombea Bi Tausi kiti.