Kichwa Wazi Siku ya Jumatatu

Sary-Terek, 12 Septemba 2004

Kwa binti yangu Burul,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Ukitaka kujua hali yangu, ni mzima kuanzia kichwani mpaka magotini; kutoka hapo kwenda chini usiulize. Ng'ombe mzima. Farasi naye mzima, ila ameanza kuniiga, akisimama lazima aegemee ukuta. Binti yako Ayimkan anakula vizuri na anarefuka, miaka kumi na tatu tu na tayari ananitazama kwa juu. Wewe je, kifua kimepona? Huko Yekaterinburg baridi imeshaingia sokoni?

Barua hii anakuletea Sabira, mke wa Joodar, anayekuja kuuza nguo soko hilohilo lako. Mpokee. Ana mdomo mrefu lakini hana roho mbaya.

Sasa nikupe habari. Jumamosi tuliitwa shuleni, wazazi wote. Nasema wazazi, lakini wazazi wenyewe mko Urusi. Tuliojazana kwenye yale madawati ni mabibi na mababu, magoti juu kama kuku ndani ya tenga. Mwalimu Mkuu mpya, Bi Totuya, akasema watoto wanatoroka masomo, wanashinda mtoni wakicheza mchezo wa kurusha vifupa vya kondoo. "Sasa nyinyi wenye watoto mnasemaje?"

Sharshen akaruka: "Fimbo! Mimi nilichapwa nikawa mtu."

Bibi Uulkan akamjibu kutoka nyuma, "Ukawa mtu lini, Sharshen? Mbona hatukualikwa?"

Mwingine akasema watozwe faini. Mwingine akasema waachwe mpaka viazi viishe shambani, ndipo tuwaite watoro. Makelele yakazidi, mwisho wakanipa mimi neno, kwa heshima ya ndevu, maana kitu kingine cha kuheshimu sina. Nikasema: "Ndama akiingia shamba la mtu, tunampiga ndama? Tunamtafuta mwenye kamba! Mtoto akitoroka, mlezi wake asimame siku ya Jumatatu mbele ya paredi, kofia yake ya kalpaki mkononi, kichwa wazi, shule nzima imtazame."

Mababu wote wakashika kofia zao. Unajua hapa kwetu mwanamume yuko radhi avuliwe suruali kuliko kalpaki.

"Na sisi wanawake tuvue nini?" akauliza Uulkan.

"Wewe usivue kitu, Uulkan. Utatisha watoto."

Basi kicheko! Nikawaongezea na kisa kidogo cha humu ndani kwetu, mpaka Bi Totuya akavua miwani apanguse machozi. Mikono ikainuka yote, sheria ikapita. Baba yako wa darasa la nne ametunga sheria, mwanangu.

Ni mimi,
Baba yako Toktosun

—

Yekaterinburg, 3 Oktoba 2004

Shikamoo Baba,

Natumaini hujambo, na magoti nayo yasijambo. Mimi kifua kimepoa. Nimebadilishiwa sehemu, sasa nauza soksi karibu na mlango, upepo wote wa Urusi unapita kwangu kwanza.

Sabira kafika salama na barua yako nimesoma. Nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Baba, hiyo sheria umemtungia nani? Nusu ya watoto wa kijiji wanalelewa na wazee. Mnayemtaka asimame kwenye baridi kichwa wazi si mimi wala mume wa Uulkan aliyekufa. Ni nyinyi wenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nauliza hivi kwa sababu Ayimkan hajaniandikia. Kila msafiri aliniletea karatasi yake, hata mistari mitatu. Safari hii hakuna. Anakwenda shule? Mtazame usoni, Baba, usiishie kumtania.

Nimempa dereva koti la mtoto na soksi zako za sufu.

Mwanao,
Burul

—

Sary-Terek, 20 Oktoba 2004

Burul mwanangu,

Salamu. Koti limefika, linamtosha. Soksi ninazo miguuni. Afya ipo. Kingine chochote hakipo.

Nakuandikia nimegeukia ukuta, kama farasi. Jana Bi Totuya alikuja hapa mwenyewe. Nikamwandalia chai, nikamkatia mkate, nikadhani amekuja kuniomba nitunge sheria nyingine. Kumbe! Ayimkan hajaonekana darasani tangu wiki ya mwisho ya Septemba. Na kila asubuhi mimi nilimsindikiza mpaka getini na kumpungia mkono! Alikuwa anaingia getini, anatokea upande wa pili penye ua uliovunjika, anakwenda kukaa kwenye zizi la kondoo la marehemu Asanbek. Nimemkuta huko leo. Ana madaftari yote, anafanya hesabu peke yake juu ya ndoo iliyofudikizwa, vidole vimekuwa vya bluu. Mtoro gani huyo?

Nikamuuliza nani kakufanya nini. Akaendelea na hesabu. Nikamtania. Akanitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyekula nyama ya wageni.

Nilirudi kwa Bi Totuya. Nikamwambia, mwalimu, mimi nina miaka sabini na moja, nichape hata fimbo kumi hapa ofisini, tufunge mlango, yaishe. Akasema, "Mzee wangu, sheria ni yako. Sharshen alisimama wiki iliyopita kwa ajili ya mwanawe, nawe ulikuwepo ukimcheka." Kweli, nilikuwepo. Nilikwenda makusudi.

Mwanangu, niokoe. Andika barua kwa mwalimu, sema wewe mama mtu ndiye uliyeagiza mtoto akae nyumbani kwa sababu ya kifua. Uongo mdogo tu. Au tumtoe shule msimu huu wa baridi, tumrudishe kijiji kikishasahau. Kalpaki hii ni ya baba yangu. Haijavuliwa mbele za watu hata mbele ya polisi.

Baba yako

—

Yekaterinburg, 2 Novemba 2004

Baba, shikamoo.

Sitauliza habari za afya leo, unisamehe.

Sitaandika barua hiyo. Na mtoto hatolewi shule.

Unauliza nani kamfanya nini. Nilimuuliza Sabira, yeye alikuwepo kwenye mkutano wenu. Akaanza kucheka kabla hajasema. Akasimulia mbele ya meza yangu ya soksi, wanawake wote wa kwetu wakakusanyika wakacheka naye: kwamba mzee Toktosun alisimama akasema, hawa watoto walioachwa waangalieni sana, mjukuu wangu huyu mkubwa mzima hulala amekumbatia gauni la mama yake. Kwamba ulimchungulia siku moja ukamkuta kalitandika gauni kwenye mto, kalimiminia chai bakulini, analihadithia habari za darasani. Na ukaigiza sauti yake. Sabira anasema uliigiza vizuri sana.

Nami nilicheka, Baba. Nilicheka nao ili wasinitazame. Halafu nikaenda nyuma ya makontena yetu ya maduka.

Binti wa Sabira yuko darasa moja na Ayimkan, naye kamwandikia mama yake. Wanamwita Gauni. Wanamwekea bakuli la maji juu ya dawati: "Mpe mama chai, inapoa." Ndiyo maana yuko zizini.

Baba, nakupenda, hujawahi kuninyima kitu. Lakini kama mtoto hatakuwa darasani kabla ya mwaka mpya, nakuja kumchukua. Na huku hana vibali, hakuna shule itakayompokea. Atakaa nami kwenye kontena auze soksi. Maisha yake yote yatakuwa haya yangu.

Chagua wewe.

Burul

—

Sary-Terek, 28 Novemba 2004

Mwanangu Burul, mama Ayimkan,

Salamu. Theluji imefika kwenye madirisha. Ng'ombe ameacha maziwa.

Barua yako nilisoma mara moja tu. Nikamwita Ayimkan nikamuuliza, kweli? Akasema, "Wewe ulikuwa hujui, Babu?" Basi. Akarudi kwenye madaftari yake.

Jumatatu tulitoka pamoja. Pale getini nikamwambia aende kwenye mstari wa darasa lake, nami nikaenda kusimama mahali pangu. Shule nzima imepangwa, pumzi zinatoka kama moshi wa majiko. Sharshen alikuja kutazama, haki yake. Uulkan alikuja. Nikavua kalpaki. Burul, hujui ni baridi kiasi gani huko juu.

Bi Totuya akaninong'oneza, "Inatosha kusimama, mzee, si lazima useme." Lakini watoto walishaanza kutabasamu, wakisubiri mzee awachekeshe. Kitoto kimoja cha mbele kikasema, "Kichwa kama yai!" Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri, lilishafika kwenye ulimi. Nikalimeza, bado naliona limekwama hapa kifuani.

Nikasema: "Huyu mtoto hakuwatoroka walimu. Alinitoroka mimi. Alikuwa na kitu chake cha siri ndani ya nyumba yangu, nikakiiba nikaja kukitawanya hapa ili nichekwe. Anayetaka kucheka, kichwa hiki hapa, acheke hiki." Wazee wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine kwanza.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wacheke kidogo. Ayimkan alikuwa akitazama theluji. Hakunitazama. Kengele ikalia, akaingia darasani na wenzake, nami nikabaki uwanjani nimeshika kofia mpaka Uulkan akaja akaniambia, "Vaa, mzee mjinga, utakufa tukulaumu."

Tangu hapo anakwenda kila siku, Bi Totuya amenihakikishia. Wapo bado wanaomwita Gauni, siyo wengi. Mimi ameniambia nisimsindikize tena mpaka getini. Naishia kwenye daraja la mfereji. Anavuka, hageuki nyuma.

Juzi alinitaka kitu, cha kwanza tangu siku ile. Alitaka kufuli la lile sanduku lako la mahari, ambamo limo gauni. Nyumba hii haijawahi kuwa na kufuli, ninyi mlikua milango wazi. Nilikwenda mpaka sokoni wilayani kwenye theluji nikanunua kubwa kuliko yote. Nikampa. Akalifunga mbele yangu, akauvaa ufunguo shingoni.

Lilikuja na funguo mbili. Nilinyoosha mkono kuuchukua wa pili, kwa mazoea tu. Akasema, "Huo ni wa mama."

Ndio huu nimeufunga kwa uzi ndani ya karatasi hii. Usimpe Sabira aushike.

Baba yako,
Toktosun