Neno la Siri la Mama Mkwe

Jumamosi, 6 Septemba

Vumbi. Nimepuliza laptopu nne tangu asubuhi na pua yangu imejaa uchafu wa ofisi za watu. Duka la Wahindi pale mjini limebadilisha mashine zake zote, na hizi za zamani nimezichukua mimi kabla mtaa wetu wote wa Tuwan haujasikia habari. Wenyewe wanasema zimechoka. Hazijachoka! Zimechoshwa tu na ule mfumo mzito uliokuwa ndani. Nimeutoa, nimeweka Linux, mfumo mwepesi wa bure. Ya kwanza imewaka chai yangu ikiwa bado moto. Nimepiga kelele peke yangu kibandani, jirani yangu kinyozi akaja kuuliza kama nimepigwa na stima.

Miaka yote hii ya kufungua na kufunga mashine, na bado ikiwaka nafurahi hivi. Sijui watu wa kazi nyingine wanafurahia nini.

Jumanne, 9 Septemba

Mke wangu Nanjala anataka laptopu moja iende kwa mama yake, Kabuchai. Mama mkwe alikuwa mwalimu wa hesabu, sasa amestaafu. Kituo kimoja cha redio cha Bungoma kinatafuta hadithi za watoto za Kibukusu, na atakayechaguliwa atazisoma mwenyewe hewani. Mama anazo kichwani tangu utotoni. Zinatakiwa zikiwa zimechapwa, kwa barua pepe, mwisho Ijumaa ya tarehe 3 Oktoba, saa sita mchana.

Nimekubali kabla Nanjala hajamaliza kuongea. Nataka sana mama huyu anione mtu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Ni heshima, siipingi. Lakini anachokijua kunihusu ni ng'ombe wa mahari tu, na mmoja wao alikufa mwezi uleule niliompeleka. Ng'ombe huyo anatajwa kwao mpaka leo. Marehemu mashuhuri.

Ijumaa, 12 Septemba

Laptopu ya mama iko tayari. Nzuri! Nimemwekea menyu za Kiswahili, ingawa mfumo wenyewe unachanganya, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, kama sisi tu. Nimefunga diski yote kwa neno la siri, mwizi akiiba apate chuma bure. Bila neno hilo haifunguki, hata kwangu mimi niliyeifunga.

Nimempigia simu achague neno. Akafikiri kidogo. "Weka mahari yangu," akasema.

Nikachapa hivyohivyo, herufi ndogo, bila nafasi: mahariyangu. Kisha nikakaa nikitazama ukuta. Ya nini kunikumbusha? Kila asubuhi akiwasha mashine niliyompa kwa mikono yangu, amkumbuke ng'ombe aliyekufa? Imeniuma. Sijamwambia Nanjala. Neno la siri ni la siri.

Jumapili, 14 Septemba

Nanjala ameipeleka. Niliiacha ikiwa imewaka, nikafunga kifuniko tu, ikasafiri imelala. Walipofunua kule, kila kitu kilikuwa tayari kwenye skrini. Mama amepiga makofi. Nanjala amenisimulia mara mbili, nikamwomba ya tatu.

Shemeji yangu Wafula, anayeishi pale nyumbani kwao, hakupiga makofi. Alisema rahisi ni ghali. Huyu kijana nitamnyoosha siku moja.

Jumatano, 24 Septemba

Mama anachapa! Anatumia vidole viwili, lakini hasimami. Ameshamaliza hadithi ya fisi aliyekwenda kuposa akiwa na njaa. Simu anapiga mara kwa mara, kwa kifupi na kwa adabu, maswali ya kazi tu. Leo ameuliza nani alisahihisha Kiswahili cha menyu, maana amepata makosa. Nimecheka mpaka bisibisi ikaanguka.

Haizimi mashine hata siku moja. Akimaliza anafunga kifuniko, kesho anafunua, anaendelea. Nimemwacha hivyo. Kazi inasonga, mtu asiguse.

Jioni nimemtania Nanjala kwa sababu ya "mchere" wake. Kwao Bungoma l na r hubadilishana viti wanavyotaka. Mimi mtoto wa Tuwan, kwangu kila herufi inakaa mahali pake. Amenirushia kitambaa cha vyombo.

Jumanne, 30 Septemba

Stima ilipotea Kabuchai tangu juzi. Betri ya ile laptopu ni kuukuu, ikaisha, mashine ikazimika. Leo stima imerudi na mama akawasha. Kwa mara ya kwanza ikamwomba neno la siri. Akaliandika. Ikakataa.

Mwanzoni nilicheka. Nikamwambia aandike polepole. Akaandika polepole. Ikakataa polepole.

Hadithi zote ziko humo. Nilipanga kumwonyesha namna ya kuziweka kwenye flashi pia, nikawa nasema kesho, kesho. Hakuna nakala nyingine popote. Ijumaa saa sita ndio mwisho.

Jumatano, 1 Oktoba

Siku mbaya. Simu tangu asubuhi.

"Nimeandika mahari yangu, si ndio ulisema?" Ndiyo, mama. Herufi ndogo? Ndogo. Bila nafasi? Bila. Nikamwomba anisomee herufi mojamoja. Akasoma zote, nikazisikia zote, ziko sawa kabisa. Mashine ikakataa.

Nikashuku kibodi. Nikashuku diski. Nikashuku hata Linux yenyewe, na hilo sijawahi kulifanya maishani. Nikamwomba ampe Wafula ajaribu, akakataa katakata. Neno la siri haligawi, hata kwa mwanawe. Ni mimi niliyemfundisha hivyo, na amefundishika.

Halafu Wafula akachukua simu. "Hiyo sistemu yako ya bule imekura hadithi za mama, bana." Nimekata simu. Nina hasira na Wafula, na stima, na mimi mwenyewe kuliko wote. Nanjala haongei nami. Hanilaumu, anakunja nguo tu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Kesho nakwenda Kabuchai. Naogopa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimerudi. Wacha niandike kabla furaha haijapoa.

Nilifika kabla ya saa nne. Wakaniwekea stuli uani. Mama alibaki ndani nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Wafula akaleta laptopu, akaiweka juu ya meza ndogo mbele yangu na kusimama akiwa amekunja mikono, tayari kwa mazishi.

Nikachapa mahariyangu. Nikabonyeza.

Ikafunguka! Hapohapo, bila hata kusita. Hadithi zote ziko pale, fisi na njaa yake. Niliruka mpaka kuku wakakimbia. Wafula akakunjua mikono.

Pazia likauliza, "Umeandika nini?"

Sasa hapo nikashikwa na aibu. Nimtajie mama mkwe mahari mbele ya boma lake lote? Lakini atahitaji kuifungua kesho. Nikajikaza. "Nimeandika mahari yangu, mama."

"Si ndio mimi naandikanga?"

Wafula akanitazama, mimi nikatazama pazia. Nikamwomba mama aliandike kwenye karatasi, aikunje, anipe mimi tu. Wafula akaileta akijifanya hatazami. Mwandiko safi wa mwalimu: mahaliyangu.

Mahali.

Niliisoma, nikainamisha kichwa, nikaanza kucheka na sikuweza kuacha. Nikalisema kwa sauti, siri kwaheri. Wafula alielewa kabla sijamaliza, akaketi chini mchangani. Halafu nyuma ya pazia nikasikia kicheko ambacho sijawahi kukisikia, kikubwa, cha mtu aliyeshika mbavu. Mama mkwe anacheka hivyo! Kumbe kwenye simu yeye akitamka l inatoka r, na hata akitaja herufi mojamoja zote mbili zinatoka mlango mmoja. Angesema "mahali pangu" ningeshtuka, lakini alisema "yangu" kama tunavyosema sote huku, na "yangu" inaenda na mahari vizuri kabisa. Na mimi masikio yangu yalikuwa na ng'ombe ndani. Nyani haoni kundule. Namcheka Nanjala kwa mchele, kisha namfungia mama hadithi zake kwa herufi moja.

Akaeleza mwenyewe, polepole, kupitia pazia. Miaka yake yote ya ualimu alisahihisha madaftari kwenye pembe ya meza ya chakula, na watu wakitaka kula anaondoa vitu vyake. Hii mashine ndiyo mahali pake pa kwanza. Hakukuwa na ng'ombe yeyote.

Nimeona haya. Nimefurahi pia, sana. Nimebadilisha neno pale pale, yeye akiliandika mwenyewe ndani, mimi nikimwelekeza kutoka nje. Kisha akaizima, akaiwasha, akaifungua. Mara tatu, kwa raha tu. Wafula naye nimemfundisha kuweka nakala kwenye flashi, na ameuliza kama bado kuna laptopu nyingine kibandani. Kwa upole! Wafula!

Ijumaa, 3 Oktoba

Saa nne na nusu ametuma. Sauti kwenye simu: "Imeenda." Basi. Nimezunguka kibanda mara mbili bila kazi yoyote.

Alhamisi, 9 Oktoba

WAMEMCHUKUA! Redio wamejibu asubuhi. Mama ataanza kusoma mwezi ujao, na wa kwanza hewani ni fisi. Nanjala amelia, mimi nimeimba, kinyozi ameacha mteja nusu kichwa akaja kucheza nasi. Sijawahi kuona furaha kubwa hivi ikitoka kwenye chuma kilichotupwa. Leo sitaki kuandika zaidi, nataka kwenda nyumbani.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua ndogo. Wateja hakuna. Nimefungua mashine moja, nikaisafisha feni.

Mchana mama ameandika barua pepe. Anataka kujua namna ya kufanya herufi ziwe kubwa zaidi, atazisomea studio bila miwani. Nimemjibu, hatua kwa hatua. Ameshukuru.

Nikadhani yameisha. Halafu ikaja nyingine, neno moja tu: "Umekula?"

Kwake huwa naletewa chakula na watoto, yeye akiwa mbali, na hawezi kuuliza kama nimeshiba. Hajawahi kuniuliza. Hakuna pazia kwenye barua pepe, au pengine lipo, na ndiyo maana ameweza.

Nimeandika, "Bado, mama."

Akajibu, "Kula."

Nimefunga kibanda, nimeenda kula.