Kipande Walichokikata, Kaka Marwa

Nyambureti, Jumatano, tarehe 4 Juni, asubuhi. Ukungu mzito, baridi, halafu jua lisilo na joto. Upepo unatoka hifadhini.

Kaka Marwa,

Nimeanza na upepo kwa sababu ndivyo ulivyokuwa ukiniuliza kabla hata ya kuitikia salamu. "Bhoke, upepo?" Leo unatoka hifadhini. Ukiendelea hivyo mpaka jioni, moshi wa pilipili na kinyesi cha ng'ombe utarudi kwetu badala ya kwenda kwa tembo. Tutakohoa sisi, wao watakuja wakinusa hewa safi.

Nakuandikia kwa sababu leo jioni ni mimi ninayepanda kwenye dungu lako kulinda mahindi, na naogopa. Naogopa tangu jana, tangu Mzee Wambura, msimamizi wa zamu, alipokuja kusimama uani kwetu. Hakukaa, ingawa Mama alimletea kiti. Alisema, "Mama Marwa, msiba huu tumeulilia wote. Lakini dungu lenu liko tupu, na tembo hana habari za matanga. Kesho likiwa tupu tena, mstari tutauvuta nyuma."

Unajua maana yake. Madungu yote yahamie nyuma ya shamba letu, na mahindi yetu yabaki huko nje peke yake, kama chakula kilichokwisha kupakuliwa. Ndicho chakula chetu cha mwaka, na mwanao ameanza kula uji. Sikumchukia Mzee Wambura. Mwanya mmoja ukiachwa, tembo wanapitia hapo na kumaliza mashamba ya watu wote. Hata wewe ungesema hivyo hivyo.

Magoti ya Mama hayapandi ngazi. Wifi Ghati ananyonyesha. Mama alinitazama, akatazama chini. Nikasema, "Nitapanda mimi." Mzee Wambura akacheka, si kwa ubaya. "Wewe msomi? Tembo haogopi Kiingereza." Hata Mama alicheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio, nikaendelea kufagia mahali palepale.

Asubuhi hii nimekwenda kuliangalia dungu mchana kweupe ili nilizoee. Ngazi wameifunga upya kwa kamba ya katani. Chini yake kuna alama ya mguu wa tembo kwenye tope lililokauka, kubwa kama sinia. Nilishindwa kuikanyaga. Niliizunguka. Nikajiuliza nitaizungukaje gizani.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonisumbua kuliko tembo. Kule kibanda umiza, kwenye video za senta, wamepata mtafsiri mwingine wa filamu wa kushika maiki yako. Anapiga kelele kila upanga unapochomolewa. Jumapili aliweka ile filamu yetu, ya binti wa chungu cha makaa, akatangaza kwenye spika kwamba ni kwa heshima ya Marwa, shujaa asiyejua woga. Nilikwenda. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na betri ya sola, nikasubiri kipande chetu. Hakikuja.

Wewe uliishia darasa la saba, mimi nikafika kidato cha nne, na kitabu chenye hadithi hiyo aliniachia mwalimu wetu wa Kiingereza alipohamishwa kurudi Tanga. Nilikuwa nakusomea kwa Kiswahili jioni, wewe unapukuchua mahindi. Msichana anabebeshwa chungu cha makaa kutoka kijijini kwao mpaka kwenye mnara wa mlimani, kwa sababu moto wa mnara ukizimika majitu yanashuka. Hakuna nabii aliyemtabiri wala hana upanga wa ajabu. Ni zamu ya nyumba yao, basi. Na njiani anakiweka chungu chini anakimbia. Anafika mpaka nje ya mlango wa kwao, anasikia mama yake anatwanga ndani, na hakuna anayemkemea. Halafu anageuka kwenda kukitafuta chungu, akiomba makaa yasiwe yamezimika. Hapo uliacha kupukuchua. Ukasema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. Ukasema, "Huyu aliyeandika, ameshalinda shamba."

Filamu ilipofika, kipande hicho hakimo. Binti anatembea tu, nywele zinapepea, ngoma zinalia. Ulikasirika kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Ukaamua kukirudisha kwa mdomo wako. Pale anapopita mlimani muda mrefu bila maneno, ukashika maiki: "Ndugu watazamaji, msimwone anapendeza hivi. Jana huyu alikimbia! Alikimbia mpaka kwao, nguo imelowa! Wenye sinema wamekata, mimi nawarudishia." Watu wakapiga kelele, "Marwa, tuletee mapigano! Woga tunao nyumbani!" Ukawajibu, "Ndio huo huo, nimewaletea na hapa." Kibanda kizima kikacheka. Lakini nakumbuka baada ya hapo walimtazama yule binti wakiwa kimya.

Sasa wamekukata na wewe. Siku ya mazishi Mzee Wambura alisema mbele ya watu wote kwamba hukurudi nyuma hata hatua moja. Watu wakaitikia. Ni maneno mazuri, na aliyasema kwa mapenzi, na mimi sikufungua mdomo. Lakini usiku huu nikiwa juu ya dungu, Marwa huyo hatanisaidia chochote. Kama hukuogopa, basi wewe uliumbwa tofauti na mimi, na nafasi yako siiwezi. Nitakuwa nimekalia kiti cha mtu mwingine.

Mama na mimi tunajua ulivyokuja usiku ule. Mbio mpaka mlango wa jikoni, bila tochi, mguu mmoja hauna kiatu. Ulishika mlango kwa mikono miwili. "Ni wengi, Bhoke. Ni wengi mno." Mama akakwambia ingia, mwanangu, ingia ndani. Nilikupa maji, kopo likawa linagonga meno yako. Nikadhani yamekwisha. Nilifurahi, kaka. Nilikuwa naangalia mahali pa kukutandikia.

Halafu tukasikia madebe yakipokezana kutoka upande wa mto, kama kawaida: dungu moja linapiga, linalofuata linaitikia, mpaka mwisho wa mstari. Na debe likinyamaza, jirani yake ndiye wa kwenda kuangalia. Sauti ilikuja, ikakaribia, ikakatika. Ulisikiliza. Mimi nilisikiliza pia, nikaomba usijue kuhesabu. Ukasema, "Debe la Mama Robhi halijajibu." Ukanirudishia kopo. Ukaondoka na tochi yangu.

Yaliyobaki ameyasimulia Mama Robhi mwenyewe, akiwa na plasta mguuni mpaka pajani. Alianguka kutoka kwenye ngazi, ukamkuta chini, ukamburuta mpaka nyuma ya kichuguu. Anasema ulikuwa unatetemeka hivi kwamba yeye mwenye mguu uliovunjika ndiye aliyekubembeleza wewe. Kisha tembo jike akageukia upande wenu, ukakimbia upande wa pili huku ukipiga kelele, ili akufuate wewe. Na akakufuata.

Siwezi kuandika zaidi hapo.

Mchana huu amekuja Robhi, binti yake, ambaye sasa ndiye anayepanda dungu la mama yake. Ameniambia, "Dada Bhoke, usihofu. Debe lako likinyamaza, nitakuja." Alitaka kunipa moyo. Nimeogopa zaidi. Sasa kuna mtu wa kufa kwa ajili yangu.

Jua linashuka. Wifi amenifungia viazi na chai kwenye chupa. Upepo bado unatoka hifadhini. Naomba kama unaweza kuona, usitazame.

Alhamisi, asubuhi. Mawingu mepesi, umande mwingi. Upepo umetulia.

Kaka, nimerudi.

Nimekimbia. Nakwambia hilo kwanza. Mwanzoni nilikaa vizuri, nikapiga debe, nikaitikia, nikaanza hata kuona baridi kuliko woga. Ulinifundisha kwamba tembo hana kishindo, ukisikia kishindo ujue ni ng'ombe. Kwa hiyo nilisikiliza kimya. Na kimya kikaanza kutafuna. Bua moja la mahindi likavunjika, halafu jingine, halafu nikasikia tumbo la mnyama likinguruma karibu, kama mtu anayesogeza meza ndani ya nyumba. Sikumbuki ngazi. Nakumbuka nimeshika mlango wa jikoni kwa mikono miwili.

Mama alikuwa macho. Hakuniambia ingia. Hakuniambia rudi. Alinishika tu mkono, na wa kwake ulikuwa wa baridi.

Robhi akapiga debe. Akangoja. Akapiga tena, kwa nguvu, na nikajua kabisa anachofanya: anajipa moyo ili ashuke aje. Kaka, sijui kama ulirudi kwa ushujaa. Mimi nilirudi kwa sababu ya mguu wa yule mtoto wa watu kwenye ngazi ile. Nilikimbia huku nalia kwa sauti, nikaikanyaga ile alama bila kukumbuka, nikaliokota debe chini lilipoanguka na kulipiga hapo hapo, sijapanda ngazi hata moja. Nililipiga mpaka likabonyea. Robhi akaitikia. Mstari wote ukaitikia mpaka mtoni, na Mzee Wambura akapuliza filimbi yake. Tembo waligeuka, polepole, bila haraka, kama wageni waliokosa mwenyeji. Wamekula pembe ya shamba kule mwisho. Mengine yapo.

Asubuhi tumekutana na Robhi njiani. Akaniuliza kwa nini nilichelewa kuitikia. Nikamwambia, "Nilikimbia mpaka jikoni." Akacheka mpaka akakaa chini kwenye umande. "Na mimi juzi! Na mimi, dada! Nilifika mpaka kwenye zizi!" Mzee Wambura alikuwa anapita nyuma yetu na tochi yake. Alisikia yote. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akaenda hatua kadhaa, akageuka. Akasema, "Marwa naye?" Nikasema ndiyo, Mzee. Aliitia tochi mfukoni. Kisha akasema, "Sote, mwanangu," akaondoka.

Leo jioni napanda tena, na naogopa vilevile. Nimeshaangalia upepo. Nakuahidi kwamba mpaka mahindi yaingie ghalani, debe la nyumba yetu litajibu, hata likichelewa. Na mwanao akikua, nitamsimulia habari zako zote pamoja na kile kipande. Nitamwambia kopo lilivyogonga meno yako. Sitakubali mtu akikate.

Pumzika, Marwa. Zamu yako umeimaliza.

Naingia kulala saa mbili na robo asubuhi.

Bhoke