Godoro Bila Mgeni

Mollo,
Sumbawanga.
14 Machi, 1999.

Mpendwa shangazi Albina,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje, na joto la Tabora linawaacha mlale? Huku ni mvua na baridi, maharage yamestawi. Mume wangu Kasmir hajambo, yuko Namanyere kununua mahindi. Mimi natembea, nakula, ila kukaa siwezi. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara kadhaa kufukuza kuku ambao hawapo.

Shangazi, sijaona siku zangu tangu Oktoba. Unajua tangu usichana zinakuja na kupotea zitakavyo. Safari hii mama mkwe alishtukia, akafurahi, akaninyang'anya jembe. Hata kufunga Kwaresima amenikataza.

Nikataka uhakika. Mjini kuna zahanati ya mtu binafsi iliyoleta mashine ya ultrasaundi, na foleni yake ni kama ile ya sukari ya enzi zile. Mama mkwe akakataa niende peke yangu. Nikanywa maji hadi kibofu kikataka kupasuka, daktari akanipaka mafuta ya baridi tumboni, akaanza kutafuta.

Mimba hakuna. Mifuko yote miwili ya mayai imejaa vivimbe vidogo vidogo, mayai hayapevuki. Na utando wa ndani ya kizazi umenenepa kupita kiasi, maana miezi yote hii haujatoka. Ili tuelewe, daktari akatuonyesha mstari mweupe kwenye kioo, akasema, "Hili ni kama godoro la mtoto. Limetandikwa, lakini mtoto hayupo."

Mama mkwe alisikia hilo la godoro kutandikwa tu. Njia nzima ni hilo: "Nani anatandika godoro bila mgeni? Mjukuu wangu kajificha, anaogopa macho ya watu." Majirani wote wameshaambiwa. Mkamwana atabishanaje na mama mkwe mambo ya tumbo? Hayo husemwa na shangazi, na wangu yuko Tabora!

Kinachoninyima raha ni vidonge. Nimepewa vya siku kumi. Nikivimaliza, damu itatoka. Daktari alisisitiza nisiache, kwani utando ukirundikana miaka na miaka unaweza kugeuka ugonjwa mbaya. Baadaye atanipa dawa ya kupevusha mayai, na mtoto anaweza kupatikana. Nimeelewa vizuri. Lakini damu hiyo, hapa nyumbani wataiitaje? Watasema nimetoa mimba.

Tena kuna jambo linaniumiza zaidi. Tangu niolewe mama mkwe aliniita "huyo". Sasa ananiita mwanangu, na kila asubuhi ananipikia uji wa ulezi. Napenda, shangazi. Napenda mno.

Leo nimeanza. Kidonge cha kwanza nimekimeza kwa uji wake, naye amesimama mbele yangu, akifurahi kuona bakuli limekwisha.

Barua hii anakuletea jirani yetu Flavian, anasafiri kesho. Tafadhali panda treni hadi Mpanda, utafute gari la huku, ufike kabla damu haijafika. Mama mkwe mwambie wewe.

Nisalimie Stumai na Kornel. Mungu akutangulie njiani. Mama mkwe naye anakusalimu sana. Anasema ukija usisahau khanga ya kumbebea mjukuu.

Shangazi, njoo mikono mitupu.

Mwanao akupendaye,
Fortunata