Madonge Tisa Chini ya Kitanda

Nyumbani, Theta,
Ruiru.
Jumapili, 23 Novemba 2025.

Mpendwa Tata Rachael,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, na hasa kutoka kwangu niliyekaa kimya kuliko wote. Goti lako linaendeleaje? Mama aliniambia baridi ya Halifax imeanza mapema mwaka huu, na kwamba ngazi za kazini unazishuka ukishikilia ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea. Tafadhali vaa ile soksi ya goti, hata kama unasema inakuzeesha.

Sisi hatujambo. Mama bado ana presha yake lakini siku hizi anameza dawa bila kukumbushwa. Mama yenu Cucu ametengenezewa meno mapya, anayavaa kwenda kanisani tu. Akirudi anayatoa, eti yasichakae. Kaka Bedan amepata kazi kwenye bohari moja huko Kamakis na sasa anatuongelesha kama mkurugenzi. Mvua imenyesha vizuri. Ile avokado uliyoipanda kabla ya kuondoka imezaa mpaka tawi moja likavunjika.

Barua hii ataibeba mke wa jirani yetu Muriithi, anayesafiri Alhamisi kumtembelea binti yake huko kwenu. Najua utashangaa kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ningecheka mahali pasipo na cha kuchekesha, ningekuuliza habari za theluji, nawe ungekata ukiamini mambo ni shwari. Karatasi hainipi pa kukimbilia.

Mwezi uliopita uliniuliza biashara yangu ya nyuzi inaendaje. Ukasema umewasimulia wanawake wa kanisa lako kwamba mtoto wa dada yako, mwenye digrii na asiye na kazi, amejitengenezea kazi kwa mikono yake. Mimi nikakutumia kikatuni cha uso unaotabasamu. Jibu lenyewe ni hili ninaloliandika sasa, na naomba ulisome ukiwa umeketi.

Uliponifundisha kufuma kwenye veranda ya Cucu, nikiwa darasa la nne, uliniambia nisome karatasi ya donge la uzi kabla sijaipenda rangi. Madonge yaliyotiwa rangi siku moja katika pipa moja hubeba namba moja. Ukichanganya namba mbili kwenye kitambaa kimoja, ndani ya nyumba hutaona kitu, lakini mchana utakuumbua. Sijawahi kusahau.

Kikundi chetu cha kufuma kina wanawake kumi na mmoja. Hakuna anayefuma kwa kuuza. Ni starehe yetu ya Jumapili alasiri. Tunakutana kwa Nelima, ambaye sisi wadogo tunamwita Mama Trizah. Ni mtu wa Bungoma, anapakia bidhaa kwenye kiwanda kimoja cha Thika, na kicheko chake husikika mpaka barabarani. Kabla hatujashika sindano, kila mmoja hutaja kwa sauti namba ya uzi anaofumia na madonge anayopungukiwa. Tunafanya hivyo ili yeyote atakayepita dukani amwangalizie mwenzake. Ukiupata uzi, unamletea kwa bei ya dukani, naye anakuandalia chai.

Mwaka mzima Mama Trizah alitaja namba moja: mia saba na kumi na mbili, rangi ya damu ya mzee. Alikuwa anamfumia mama yake vitambaa vya viti, kumi na vinne. Watoto wamemjengea huyo mama nyumba ya matofali kule kijijini, karibu na Webuye. Ni mara yake ya kwanza kuwa na sebule. Vitambaa vilikuwa viende Desemba. Kwa sababu ya mshahara, Mama Trizah hununua madonge matatu kila mwisho wa mwezi. Kufikia Agosti alikuwa amemaliza vitambaa kumi. Vilibaki vinne, yaani madonge tisa.

Agosti hiyo nilikwenda Thika, kwa Kyengo, yule muuza nyuzi aliye karibu na stendi. Akaniambia kiwanda kimeacha kutengeneza ile rangi, na aliyobaki nayo ni madonge ishirini na sita tu. Nikayanunua yote.

Ningependa kukuambia kwamba nilinunua kwa ajili ya kikundi. Kwa kama dakika kumi ilikuwa kweli. Lakini kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimefungua ukurasa wa mtandaoni, nikauita Nyuzi Adimu, nikaweka namba ya pili ya simu ya Bedan ili nisijulikane. Kwa Kyengo donge lilikuwa shilingi mia moja na hamsini. Mimi niliandika mia nne.

Kumi na saba yalikwenda ndani ya wiki mbili. Wanunuzi walikuwa watu nisiowajua, mmoja mpaka Kitengela. Huyo wa Kitengela alinishukuru, akasema alikuwa amezunguka mji mzima na angelipa hata mia tano. Yeye, Tata, mpaka leo sijui kama nilimkosea. Nimelifikiria mara nyingi. Alitaka, nilikuwa nao, nilitumia nauli na muda, na hakuna aliyemshika mkono kumlazimisha. Viatu vyekundu ulivyovisifu kwenye picha vilitoka kwenye pesa hizo.

Madonge tisa sikuyatangaza. Niliyasukuma chini ya kitanda. Nilijua mwenye namba hiyo ni nani, amebakisha vingapi na anavihitaji lini, maana alikuwa ameniambia mwenyewe, kwa sauti, kila Jumapili. Nikawaza: huyu atanunua tu. Aliyefuma kumi hawezi kuacha vinne.

Kweli akaja. Mtu alimwonyesha ukurasa, akaniandikia: “Dada habari. Nisaidie na tisa lakini unipunguzie kidogo. Mimi ni mtu wa kiwanda na ni za mama.” Nilikuwa nimekaa jikoni, Mama akikaanga mboga kando yangu. Nikajibu: “Bei ndiyo hiyo. Ni adimu.” Akaandika, “Sawa dada, Mungu akubariki.” Mimi nikafunga simu nikala.

Jumapili iliyofuata hakukuwa na habari nyingine.

“Ati mia nne!” alisema Mama Trizah. “Kwani huo uzi unajifuma wenyewe usiku mimi nikilala?”

Wakacheka wote. Waruguru, ambaye huuza kila kitu na hafichi, akasema, “Hiyo ni biashara, si wizi. Kama umeshindwa, pita. Mimi ningeweka mia tano.”

“Wewe tunakujua,” Mama Trizah akamwambia. “Hata maji ya ubatizo ungeyapima kwa chupa.”

Kisha akanigeukia. “Msichana wa vitabu, wewe unaonaje?”

Nikasema, “Watu wengine hawana huruma kweli.”

Nilisema hivyo, Tata, kwa mdomo wangu, nikiwa nimeshika kikombe chake cha chai. Hilo ndilo linalonichoma kuliko ile bei yenyewe.

Baada ya hapo nilijitetea sana kichwani. Chuoni walitufundisha kwamba bei hupanda kitu kinapokuwa haba, na kwamba bei hiyo hukifikisha kwa anayekihitaji zaidi. Niliirudia hoja hiyo kama mtu anayesali. Lakini ina tundu. Siku nilipoingia kwa Kyengo, yale madonge yalikuwa pale kwenye rafu, yakimngoja mtu wa matatu kwa mwezi. Kiwanda kiliacha kutengeneza, ni kweli. Ila aliyeifanya rafu ile iwe tupu ni mimi. Na anayehitaji zaidi si lazima awe ndiye mwenye pesa zaidi. Hilo sikuhitaji digrii kulijua. Nilihitaji tu kutolifikiria, nikafaulu mpaka Jumapili iliyopita.

Siku hiyo Mama Trizah alikuja hapa nyumbani baada ya ibada, amebeba mfuko mkubwa. Akauweka miguuni pangu. Ndani kulikuwa na uzi wa damu ya mzee, umekunjwakunjwa, wenye mawimbi kama nywele zilizofumuliwa kutoka kwenye misuko. Alikuwa amevifumua vitambaa vyote kumi.

“Kyengo ameniambia kuna msichana mrefu wa Ruiru, wa miwani, anaiulizia hii namba kila akipita,” alisema. “Nikajua ni wewe. Kumbe tulikuwa tunateseka wawili na unanyamaza! Shika. Mimi nimeanza kijani. Mama haoni vizuri siku hizi, kijani kitamfaa.”

Nikamwambia siwezi kuchukua. Nilikuwa nikiiulizia kwa Kyengo ili nijue kama ameletewa nyingine itakayoniharibia bei. Kyengo hakuwa amemwambia kwamba aliyeyanunua yote ni mimi, naye Mama Trizah akadhani nimepungukiwa kama yeye.

“Chukua, mwanangu,” akasema. “Huyo wa Nyuzi Adimu mimi amenishinda. Wewe asikuweze.”

Alipoondoka, Cucu aliukunjua uzi mmoja kwa vidole, akauliza nani amekufa hata kazi yake ikafumuliwa. Wiki nzima ule mfuko ulikaa mlangoni mwa chumba changu, na yale tisa yakiwa chini ya kitanda. Sikuweza kugusa chochote. Nilifikiria kuyapeleka kimya kimya mlangoni pake, kama mtu asiyejulikana. Nikaona hiyo nayo ingekuwa Nyuzi Adimu, tofauti ikiwa bei tu.

Leo baada ya kanisa nimekwenda kwake na mifuko yote miwili. Nimemkuta nje kwenye kigoda, kitambaa cha kijani magotini. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama, nisije nikakaa nikapewa chai.

“Mama Trizah, mtu wa Nyuzi Adimu ni mimi.”

Alicheka. “Wacha mchezo, Wamboi. Wewe hata mayai huwezi kuuza.”

Nikamtolea madonge tisa. Akayageuza moja moja, akisoma karatasi zake. Kicheko kikamwisha polepole.

“Yule dada niliyekuwa namwomba ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Na nikakuambia Mungu akubariki.”

Akaendelea kufuma mstari mzima bila kuniangalia. Kisha akasema, “Waruguru anauza, tunajua anauza. Hata akinikaba shingo namwona uso. Lakini wewe nilikutajia namba yangu.”

Nikamwomba msamaha. Nilimsogezea yale tisa, akayarudisha kwa mguu.

“Nikichukua itakuwa umenilipa na tumemalizana. Hatujamalizana. Basi ya kuvipeleka Webuye ni tarehe ishirini Desemba. Kijani nina viwili tu, na kiwandani tunaingia zamu mbili mpaka Krismasi. Wewe una mikono na huna kazi. Utafuma damu ya mzee, vyote kumi na vinne. Uzi wangu unao, na wako unao.”

Nikasema nitafuma.

“Sijamaliza. Jumapili ijayo, tukianza kutaja namba, utaanza wewe. Utataja namba na utasema ulivyoipata. Mimi sitakusemea na sitakunyamazia.”

Kisha akaniambia niende kabla mvua haijanyesha. Hakunisindikiza hata mpaka kwenye lango, yeye ambaye husindikiza hata wauza maji.

Kwa hivyo, Tata, hayo ndiyo mafanikio ya biashara yangu. Ukurasa nimeufunga mchana huu. Uzi uliofumuliwa nimeuzungushia mgongo wa kiti na kuupitishia mvuke wa sufuria kama ulivyonifundisha, nao umenyooka kiasi, si kabisa. Nimeanza kitambaa cha kwanza hapa verandani. Mstari wa kwanza umekataa kulala, nimeufumua mara mbili. Vidole vyangu vinauma, na nisingependa unionee huruma.

Naiogopa Jumapili ijayo kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani wowote. Huenda wasinitajie namba zao tena, na watakuwa na haki. Uniombee nisije nikaugua homa ya uongo siku hiyo. Najijua.

Nina ombi moja. Wale wanawake wa kanisa lako, waambie ulikosea, au usiwaambie kitu. Ila usinisifu tena kwao.

Mama anakusalimu, anasema ile kofia ya sufu ilimfika na anaivaa hata jikoni. Cucu anauliza utakuja lini, akuonyeshe meno yale ukiwa hapa, si kwenye picha. Bedan anakusalimu pia. Yeye hajui namba yake ya simu ilitumika kwa nini, nitamwambia jioni hii akitoka kazini. Msalimie Muli na watoto wenu, na umwambie yule mdogo kwamba sindano yake ya kufumia nimemwekea.

Mungu alinde goti lako kwenye barafu, na akurudishe kwetu ukiwa na nguvu za kukaa tena kwenye veranda hii. Wakikuuliza ninafanya nini siku hizi, sema ninafuma vitambaa vya mama yake Nelima. Hiyo ni kweli, na nimebakisha kumi na vinne.

Mwanao akupendaye, hata leo anapoona haya kuandika jina lake,

Wamboi